Feni Kwanza, Udhu Baadaye

Kila nikitaka kufungua friji hutazama miguu yangu kwanza. Mimi ni mtu mzima, nina mvi za kutosha na vyeti viwili vya chuo kikuu ambavyo mke wangu kavitundika ukutani karibu na saa mbovu, na bado husimama mbele ya chupa ya maji baridi kama mtoto anayekaguliwa kucha. Nikijiona nimevaa kandambili, nanyoosha mkono. Nikijiona peku, narudi kuzitafuta. Watoto wangu hunicheka. Wageni hudhani nina maradhi ya vidole. Ukweli ni kwamba ipo sauti kichwani mwangu inayosema "Miguu!" na sauti hiyo si yangu. Ni ya bibi mmoja, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekaa chini yetu.

Nitamwita Mwalimu tu, maana ndivyo alivyoitwa na kila mtu, hata muuza samaki ambaye hakuwahi kusomeshwa naye hata herufi moja. Alikaa ghorofa ya chini ya nyumba yetu ya Mji Mkongwe, nyumba ya mawe na chokaa yenye kuta nene kama za ngome na nyaya za umeme zilizopita juu ya kuta hizo kama mizizi iliyokosa udongo. Mimi na mke wangu tulikaa juu yake. Chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa chuo. Kila alasiri watoto wa mtaa walikaa kwenye mikeka, wakasoma kwa sauti moja, na sakafu ya chumba chetu ikatetemeka kwa baraka.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu anayesikiliza. Alivaa mitawanda, vile viatu vya mbao vyenye msuruaki wa kubana kwa vidole, ambavyo siku hizi huviona miguuni mwa bibi harusi anayepigwa picha. Yeye alivivaa ndani ya nyumba mchana kutwa. Ko, ko, ko. Mbao kavu na umeme havizungumzi, aliniambia. Alikuwa na mitawanda mingine ya chooni, na hii ya nyumbani haikuruhusiwa kuonja tone la maji. Kwa mlio wake tulijua alipo. Ukikoma ghafla, ujue amesimama mbele ya soketi na ameona kitu.

Wapi alizaliwa, nani babu yake, sijui. Niliwahi kumuuliza siku moja tumekaa barazani. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimezima pasi. Nilikimbia ngazi zote. Pasi ilikuwa imezimwa, tena sikuwa nimepiga pasi siku hiyo. Nilipoteremka, mazungumzo ya nasaba yalikuwa yamekwisha.

Asiyekaa Mji Mkongwe wakati wa kaskazi hawezi kuelewa. Joto linaingia uchochoroni asubuhi na halitoki, maana halina pa kutokea. Kuta zimekunywa chumvi ya bahari miaka na miaka, nazo hushika unyevu kama tambara la jikoni. Ukiegemea, shati linabaki na alama. Kwenye kuta hizohizo ndimo mafundi wa kila zama walimotia nyaya zao, juu ya nyaya za waliowatangulia, na hakuna aliyezitoa za zamani. Msimu huo kila nyumba huwasha feni zote ilizonazo, na waya mmoja wa kurefushia hubeba feni, friji, simu za ukoo mzima na birika. Ukiugusa, una joto kama mtu mwenye homa. Mwalimu aliugusa kila siku, kwa mgongo wa kiganja, juu ya nailoni inayoufunika, kama anayepima mtoto. "Huyu mgonjwa," angesema. "Mpunguzieni mzigo."

Sasa tia na hili. Sisi ni watu wa udhu. Mtu anatoka bombani, maji yanamchuruzika viwikoni na vifundoni, miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, joto limemkaba, na kitu cha kwanza anachofanya ni kunyoosha kidole chenye maji kuelekea swichi ya feni. Sijui kama kuna watu wengine duniani wanaoupa umeme nafasi nzuri kama hiyo mara tano kwa siku, tena kwa nia njema kabisa. Mwalimu aliliona hilo kabla yetu sote, na likamnyima usingizi. Chuoni kwake ikawa sheria: mtoto wa kwanza kuingia, mkavu, ndiye anayewasha feni, mbele ya macho yake. Kisha ndipo watoto waende kutia udhu. Wakirudi, hakuna wa kuusogelea ukuta ule. Wakati wa kuondoka, yeye mwenyewe anazima.

Imamu wa msikiti wetu, mtu mwenye mzaha, alimkuta siku moja mlangoni akimfuta mtoto mmoja mikono kwa taulo.

"Mwalimu, unawafuta watoto maji ya udhu? Bora yaachwe yakauke yenyewe."

"Naam, Sheikh. Nami nataka yakauke. Lakini yakaukie mbali na swichi yangu."

"Na joto hili wasome bila ya feni?"

"Feni kwanza, udhu baadaye. Feni haina swala, Sheikh, haiharibikiwi na kitu ikiwashwa na asiye na udhu."

Imamu alicheka mpaka akashika kofia isimdondoke. Lakini Ijumaa iliyofuata nilimwona mzee mmoja msikitini amewekewa kiti chini ya safu ya swichi. Kila aliyetoka bombani akinyoosha mkono, mzee anampiga kidogo kwa bakora. Hakuna aliyeeleza sababu. Mimi nilijua.

Nisiseme kwamba Mwalimu alijua kila kitu. Mengine aliyoyaamini yangemfanya mwanafunzi wa darasa la sita acheke. Aliamini kwamba soketi isiyo na plagi huvuja, kwamba umeme unatoka taratibu na kutuama sakafuni kama maji, kwa hiyo aliziba matundu yote kwa nta ya mshumaa. Nilijaribu kumweleza. Nilichora hata mchoro, mimi niliyesoma historia na ambaye nikibadilisha taa huita mtu anishikie ngazi na mwingine anishikie moyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. "Na mtoto akitia kijiti?" Nikakunja mchoro wangu.

Radi ikipiga, alifunika vioo vyote kwa kanga na kumwondoa chumbani kila aliyevaa nyekundu. Hapo nilimwona mtu wa zamani. Lakini baada ya kufunika vioo alichomoa plagi zote, akawakataza wanawake kufua bombani, akawaita watoto waliokuwa wakirukaruka mvuani pale uchochoroni mpaka wakaingia ndani. Nikawa sijui nimcheke kwa lipi na nimshukuru kwa lipi, kwa kuwa aliyafanya yote kwa uso uleule.

Na alipenda televisheni. Hili hakuna aliyelitarajia kwa mwalimu wa chuo mwenye pasi ya mkaa. Alifuata tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, ile ya ndugu wawili na msichana mmoja, na wakati wake hakuna aliyethubutu kumbishia hodi. Ikisha tu, alizima swichi, akachomoa plagi kwa kitambaa kikavu na bismillahi, akaukunja waya na kuulaza juu ya televisheni kama nyoka aliyekufa. Balaa lilikuwa siku za mvua. Ngurumo ikianza katikati ya kisa, alichomoa hapohapo, hata kama kadhi wa Kituruki alikuwa amekwisha fungua kinywa. Halafu tunasikia ko, ko, ko, mpaka chini ya ngazi yetu.

"Nyie huko juu! Mmechomoa?"

"Hatujachomoa, Mwalimu," mke wangu anajibu kwa aibu.

Ko moja ya hasira.

"Mnafanya vibaya sana. Nshawambia mara ngapi? Haya, kamuoa au hakumuoa?"

Kwetu sisi mtu akija nyumbani huvua viatu mlangoni. Ndiyo adabu, na ndiyo iliyomtesa Mwalimu kuliko yote, kwa kuwa adabu hiyo iliujaza mji mzima watu walio peku karibu na friji. Alitafuta dawa. Kando ya friji yake aliweka kapu la ukili lenye kandambili za mpira, nyeupe, safi, za wageni. Mtu akitaka maji baridi, avae. Tatizo ni kwamba kwetu kandambili za mpira zina makao yake, nayo ni chooni. Mama mkwe wangu, mwanamke anayejua thamani yake, alikuja kusikiliza maulidi kwa Mwalimu amevaa hariri na kujifukiza udi. Akaombwa awatolee wenzake sharubati frijini, ikawa heshima kubwa, kisha akawekewa kandambili miguuni.

"Za chooni hizi?" aliuliza, akarudi nyuma.

"Za friji."

"Ala! Friji siku hizi linavuliwa na kuvaliwa viatu kama mskiti?"

"Vaa, shoga yangu. Ukishikwa na friji hilo hapa, maulidi nitayafanya matanga, na hao wote wamekuja kula biriani."

Mama mkwe alivaa. Alilalamika mwaka mzima. Lakini nilipokwenda kwake sikukuu iliyofuata nilikuta kandambili kando ya friji, za rangi ya dhahabu.

Kutoka naye nje ilikuwa adhabu nyingine. Tulimchukua Forodhani jioni moja apunge upepo. Wengine wanakwenda pale kuangalia vyakula. Yeye aliangalia chini. Alifuata nyaya za taa kutoka meza hadi meza, kwenye majani yaliyolowa maji ya barafu na ya miwa, akisimama kila alipoona gundi ya kufungia imeachia. Kijana mmoja alimkaribisha urojo. "Urojo wako mzuri, mwanangu," alimwambia, "lakini waya wako umelala dimbwini. Unyanyue, nitakuja." Kijana akadhani ni mzaha. Mwalimu akasimama palepale, kimya, mikono nyuma, kama mkaguzi wa skuli, na wateja wakaanza nao kutazama miguu yao. Waya ulinyanyuliwa, ukatundikwa kwenye mguu wa mwavuli. Alikunywa urojo wake, akausifu, akaomba ndimu zaidi.

Arusi za uwanjani ndizo zilizomkondesha. Msimu wa joto turubali linafungwa, taa za rangi zinazungushwa mtini, uwanja unamwagiwa maji vumbi litulie, kisha wanawake wanavua viatu kucheza. Alikuwa akifika mapema kuliko wapishi, akauliza: hii waya imetoka nyumba gani, na swichi yake nani anaijua? Wenye arusi walimwona mchuro, mtu wa kuwaletea nuksi. Watoto wa chuo aliwafundisha kwamba tiara la kurusha likinasa kwenye nguzo si lako tena, ni la nguzo, na kwamba embe iliyo karibu na waya haiangushwi kwa chuma. Na jambo moja alilirudia kila wiki, baada ya dua: mtu akishikwa na umeme, usimshike. Kazime kwanza. Hata akiwa mama yako. Watoto wadogo walilia waliposikia hivyo. Aliwaacha walie.

Niliona kuwa anazidisha. Nilisema hivyo, barazani, mbele ya watu, kwa maneno mazuri kuhusu hofu na jamii. Mpaka siku ya sutuhi.

Sutuhi ni lile paa bapa la nyumba za zamani, na la kwetu lilikuwa na tangi la maji juu ya miguu ya chuma, na waya wa kuanikia nguo. Si kamba, waya wa chuma, ulionyooshwa kutoka mguu wa tangi mpaka kwenye chuma kilichochomoza ukutani, kilekile kilichobeba waya wa umeme unaoingia nyumbani. Tulipohamia tuliukuta. Wapangaji wote waliuanikia. Na nguo zikiwa mbichi, waya ule ulitekenya. Neno ndilo hilo, kutekenya. "Leo unatekenya," mmoja anamwambia mwenzake akicheka. Wengine walisema kuna jini mdogo mpenda kanga. Nyumba nzima tulikuwa na mzaha huo, na hakuna aliyemwambia Mwalimu, kwa kuwa magoti yake hayakumruhusu kupanda juu na kwa kuwa tulijua atautia fitina.

Asubuhi moja ya joto kali, usiku wa kuamkia siku hiyo ilinyesha mvua ya ghafla, mke wangu alikuwa juu anaanika. Akapiga ukelele, kisha akacheka. "Leo kanitekenya mpaka begani!" alimwambia jirani wa dirisha la pili, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

Chini, watoto walikuwa hawajaja. Nyumba ilikuwa kimya. Nikasikia mitawanda. Si ko, ko, ko ya kila siku. Ilikuwa mbio. Haikuja ngazini, ilikwenda kwenye meni swichi pale ukumbini, nikasikia kishindo, na feni yangu ikaanza kupunguza mwendo juu ya kichwa changu. Ndipo akaja ngazini. Alipanda ghorofa zote na magoti yale, akashika ukuta, akapita mlangoni kwangu bila ya kunitazama. Nilimfuata. Alifika sutuhi, hakuingia, akasimama mlangoni.

"Mwanangu," alimwambia mke wangu, polepole, kama anayezungumza na mtu aliye ukingoni mwa kisima. "Weka nguo chini. Usiguse kitu. Njoo kwangu."

"Mwalimu, si kitu, hutekenya tu..."

"Njoo kwangu."

Mke wangu akaja. Mwalimu akamshika viganja vyote viwili, akavigeuza, akavitazama ndani na nje. Halafu akaketi kwenye kizingiti na nikaona kwamba anatetemeka.

Baada ya hapo aliteremka, akatia kiti chini ya meni swichi, akakaa. Akasema haiwashwi mpaka aje fundi. Fundi alikuwa shamba, Makunduchi, kwenye msiba. Basi tutamngoja. Nyumba ikageuka tanuri. Wapangaji walikuja mmoja mmoja, kwa upole, kisha kwa ukali. Jirani wa dirisha la pili, mpangaji mwenzetu, alikuwa na samaki wa kuuza frijini.

"Mwalimu, samaki wangu wataoza!"

"Samaki wako washakufa, mwanangu. Mimi nawangalia walio hai."

"Unatutesa kwa uoga wako!"

"Naam. Nawatesa."

Hakuinuka ila kwa swala, na akiinuka alimkalisha mke wangu mahali pake. Mimi hakunikalisha. Alisema mimi ni mwepesi wa kushawishika, na ni kweli. Feni ilikuwa inaniita kwa jina.

Fundi alipofika alipanda sutuhi na kukaa huko kitambo. Aliporudi hakuwa na mzaha wowote. Ule waya wa umeme ulikuwa umekaushwa na jua hata ngozi yake imepasuka, na upepo umeusugua juu ya chuma mpaka shaba ikaonekana. Kila nguo mbichi ilipoanikwa ilikuwa inapata sehemu yake. Sehemu hiyo ilikuwa inakua. Aliuliza nani alikuwa anaanika siku ile, na mke wangu akanyanyua mkono kama mwanafunzi. Fundi akamtazama usoni, kisha akamtazama miguuni.

Alikuwa amevaa kandambili nyeupe za mpira, zilezile za siku ile, za kapu la Mwalimu. Hakuwa akizivaa kwa kuamini. Alizivaa kwa kuchoka kusemwa.

Mwalimu hakusema "nilikwambieni". Nilimngojea aseme, nikamtengenezea na jibu. Alirudisha kiti chake ndani, akaomba waya ule wa chuma ukatwe vipande ili asije mtu akautumia tena, na watoto walipokuja alasiri wakasoma kama kawaida. Toka siku hiyo tulianika kwenye kamba ya katani, na toka siku hiyo mimi sikulala vizuri. Alinigawia hofu yake, nami nimeitunza kuliko vyeti vyangu. Hata kazini, katikati ya mkutano, huniingia: nimechomoa? Hurudi nyumbani mchana, nikakuta nimechomoa, nikaona haya.

Kwa nini aliogopa hivyo? Watu walikuwa na hadithi zao. Umeme ulimuua mumewe, wengine walisema. Kaka, wakasema wengine. Nilimuuliza mara moja tu, na hakunijibu kwa kuniuliza pasi. Alisema, "Nshawahi kumuona mtu kashika friji, hakuliachia." Alikuwa anashona kapu lake la ukili. Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Na sisi tukamshika."

Baadaye magoti yalimshinda, chuo kikafungwa, na binti yake akamchukua kwenda kukaa naye Michenzani, kwenye yale majumba marefu ya fleti. Nyumba yetu ikawa na ukimya usiopendeza. Nikajiambia nitakwenda kumtazama, na mimi ni mtu hodari sana wa kujiambia.

Nilikwenda kaskazi iliyopita, mchana, na halua mkononi. Binti alinifungulia, akanikaribisha, akaniambia kwa sauti ya chini, "Anasahau, kaka. Usivunjike moyo." Kisha akateremka dukani kutafuta cha kunikirimu. Nilivua viatu mlangoni, nikaingia.

Mwalimu alikuwa anatoka kutia udhu wa adhuhuri. Maji yalikuwa yanamchuruzika viwikoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Hakunijua. Lakini lililonishtua si hilo. Uso wake ulikuwa umetulia. Miaka yote niliyomjua uso ule ulikuwa na kitu kilichokazwa, baina ya nyusi, kama fundo la uzi. Fundo limefunguka. Alikuwa mzuri, sikuwahi kujua kwamba alikuwa mzuri. Nikafurahi kwa ajili yake. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, amepumzika.

"Joto hili!" akasema. "Ngoja nikupe maji ya baridi."

Akaanza kwenda, na sikusikia kitu. Hapakuwa na ko. Nilitazama chini. Alikuwa peku, sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki, na nyayo zake zikaacha alama za maji moja baada ya moja, zikielekea friji lililokuwa linanguruma pembeni. Hakuna kandambili, hakuna kapu. Mkono wenye maji ulikuwa umeanza kunyooka.

"Miguu, Mwalimu!"

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Kikwajuni. Akasimama, akageuka, akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyepigiwa kelele na mgeni. Kisha akatabasamu, akaendelea. Nikaruka. Nilinyoosha mkono nimkamate, nikakumbuka kwamba ana udhu na mimi si maharimu wake, nikausimamisha mkono hewani kama mjinga. Na katika nukta hiyo ya ujinga nikaona kwamba na mimi niko peku, kwenye maji yaleyale. Nikamkamata ncha ya kanga. Nikavuta. Akarudi nyuma hatua moja, kwa ustaarabu, kama mtu anayempisha mtoto mtundu.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Ngoja, Mwalimu. Ngoja hapohapo, nakuomba. Kaa kwenye kiti."

Akakaa. Nilikimbia mlangoni, nikavaa viatu vyangu vya kazini, nikafuta mikono kwenye shati mpaka shati likatota, nikaizima swichi ya soketi na kuchomoa plagi. Friji likanyamaza. Nilikuwa nahema. Binti aliporudi na soda zake alinikuta nimesimama mbele ya friji nimevaa viatu ndani ya nyumba ya watu.

"Friji hili," nikamwambia, "likoje?"

"Ni zima kabisa, kaka. Ila hutekenya kidogo wakati wa joto. Tushazoea."

Nilimwambia lisichomekwe mpaka aje fundi, na nikampigia fundi mimi mwenyewe, palepale, nikakaa kumngoja. Binti aliona nimezidisha, nikaliona hilo usoni mwake. Sikumlaumu. Nilimwomba kandambili za mpira. Akaniletea za chooni, hakuwa na nyingine, nikaziosha na kuzifuta, nikapiga goti na kuziweka mbele ya miguu ya Mwalimu. Alizivaa bila ya kuuliza, akaitazama mikono yangu.

"Unatetemeka," akasema.

"Naam, Mwalimu."

"Nani aliyekutia uoga huu, mwanangu?"

Fundi alikuwa bado njiani. Chumba kilikuwa kinazidi joto, nami sikuthubutu kuiwasha feni.

"Jirani mmoja," nikasema. "Alikuwa anakaa chini yetu."

Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kama anayesikia habari za mgonjwa asiyemjua.

"Masikini. Mwambie apumzike."

Nikamwambia nitamfikishia.